Fundi Mitambo Anajibu: Vokali inazama, feni inasikika kuliko kwaya, na besi imepotea kwenye simu

Meseji za mwezi huu karibu zote ni za watu wanaorekodi nyumbani, wengine chumbani, wengine sebuleni usiku watoto wakishalala, na karibu wote wanauliza habari ya vitu viwili, ikwalaiza (EQ, ya kupandisha au kushusha sauti za chini, za kati au za juu) na kompresa (ya kupunguza tofauti ya sauti kubwa na ndogo). Nimechagua chache. Nyingi zilizobaki zinafanana na hizi, kwahiyo pitia zote hata kama swali sio lako.

Mambo kaka fundi. Mi msanii chipukizi, narekodi geto kwangu, nina maiki ya USB na laptopi, biti nazishusha mtandaoni. Shida ni vokali, yaani sauti yangu ya kuimba. Nikiiweka chini inazama, nikiipandisha inaelea juu, yaani inasikika kama mtu anaimba juu ya wimbo wa mtu mwingine. EQ nimeongeza besi, nimeongeza kati, nimeongeza na juu, bado haikai. Nifanyeje?
*Msanii chipukizi, Mbagala, Dar es Salaam*

Poa mdogo wangu. Tuanze na biti kwanza kabla hatujagusa vokali. Biti nyingi za mtandaoni zimeshamalizwa, yaani aliyeitengeneza kaipitisha kwenye limita, kile kizuizi cha kilele cha sauti, mpaka imejaa juu kabisa, hamna nafasi iliyobaki, na wewe unakuja na vokali mbichi unataka ziingie hapohapo. Kwahiyo shusha biti desibeli 6, hata 8, usiogope kwamba wimbo umekuwa mdogo, sauti ya jumla inapandishwa mwisho kabisa wa kazi. Na kama aliyekuuzia biti anaweza kukupa WAV (faili lisilobanwa) basi chukua WAV, maana MP3 za kiwango cha 128 zinakatwa sauti za juu sana kuanzia kama kilohezi (kHz) 16, ukija kuongeza mng'ao hapo hamna kitu cha kung'aa.

Sasa vokali. Hapo ulipoongeza besi, ukaongeza kati, ukaongeza juu, ulichofanya ni kupandisha volyumu kwa njia ndefu, na kwa dakika chache ulifurahi kwasababu sikio likisikia kitu kimeongezeka hata desibeli moja tu linaamini kimekuwa kizuri. Hili ndo jambo ninalotaka ulishike kuliko namba zote nitakazokuandikia hapa. Kila plagini (programu ndogo ya kuchezea sauti) unayoweka, iwe ikwalaiza iwe kompresa, sawazisha sauti inayotoka iwe sawa na iliyoingia, alafu fumba macho, bonyeza kuiwasha na kuizima mara nyingi mpaka usijue sasa hivi iko wapi, sikiliza, chagua unayoipenda, ndo ufumbue uangalie. Kama umechagua iliyozimwa, itoe. Kama huoni tofauti, itoe pia. Ukifanya hivi kwa uaminifu utashangaa nusu ya plagini zako hazina kazi.

Ukishaelewa hilo, weka hai-pasi, ile filta inayoondoa sauti za chini. Kwa mwanaume ianzie hezi 80 mpaka 100, panda taratibu, pale sauti inapoanza kukonda simama urudi nyuma kidogo. Alafu nenda kwenye hezi 200 mpaka 400, hapo ndo kwenye tope. We unarekodi chumba kidogo ambacho chenyewe kinavimbisha sauti za eneo hilo, na mdomo uko karibu na maiki, na maiki nyingi zinazosikiliza upande mmoja ukizisogelea sana zinaongeza besi zenyewe, ndo tabia yake, kwahiyo tope linaingia kwa milango miwili kwa wakati mmoja. Shusha hapo desibeli 2 au 3 kwa bendi pana kiasi, yaani eneo zima na sio sehemu moja nyembamba. Kuna ile mbinu ya kupandisha bendi nyembamba sana na kuitembeza kutafuta panapokera, itumie kwa uangalifu, maana ukipandisha sehemu yoyote desibeli 10 lazima ikere, mwisho unakata kila mahali na vokali inabaki mifupa. Tafuta kitu ambacho ulikuwa umeshakisikia kabla hujaanza kutembeza.

Kuzama sasa. Maneno tunayaelewa kwasababu ya konsonanti, na konsonanti nyingi nguvu yake iko kilohezi 2 mpaka 5 hivi. Biti nayo imejaza snea, gitaa na sinthi hapohapo. Vitu viwili vikigombea eneo moja chenye nguvu kinakifunika kingine, na kuongeza tu kwenye vokali unaishia na sauti inayochoma masikio. Punguza kwenye biti. Bendi pana, kilohezi 2 mpaka 4, desibeli 2 tu. Ukiisikiliza biti peke yake utaona imepungukiwa, lakini hamna msikilizaji atakayeisikia peke yake. Kama programu yako ina ikwalaiza dainamiki yenye saidicheni, unganisha vokali iiamrishe ile biti, ishuke hapo pale tu unapoimba, ukinyamaza irudi.

Kuelea mara nyingi kunatokana na vokali kuwa kavu, yaani bila mwangwi, wakati biti ina mwangwi wake. Weka rivebu (mwangwi) fupi, kama sekunde moja hivi, kwenye treki ya pembeni, na hiyo rivebu nayo ikate chini kuanzia hezi 200 au 300 isije ikakurudishia tope uliloliondoa.

Bwana asifiwe fundi. Mimi ni mwalimu wa kwaya, tunarekodia sebuleni kwangu. Mwimbaji wetu wa solo akianza beti anaimba kama ananong'ona, ikifika kiitikio anapaza mpaka mita inakuwa nyekundu. Nikaambiwa niweke kompresa. Nimeweka, sasa sauti imekuwa bapa na feni ya dari inasikika kuliko waimbaji. Hivi vile vitufe vinafanya nini hasa?
*Mwalimu wa kwaya, Dodoma*

Amina Mwalimu. Swali lako nimelifurahia maana umeuliza vinafanya nini, wengi wanauliza waviweke wapi.

Kompresa ni kama mtu amekaa kwenye kitufe cha volyumu, mwimbaji akipaza anashusha, akitulia anarudisha. Threshodi ni kiwango ambacho sauti ikikivuka ndo huyo mtu anaanza kazi. Rasho ni anashusha kwa ukali gani. Ataki ni anachukua muda gani kushusha baada ya sauti kuvuka, na rilisi ni muda gani kurudisha. Basi, vingine vyote ni vipambo vya hivyo vinne na geini ya mwisho, ile ya kupandisha sauti inayotoka.

Tufanye hesabu ili uione feni inatokea wapi. Tuseme sauti kubwa za mwimbaji wako zinafika desibeli −8 (sifuri ndo kilele cha mita) na threshodi umeiweka −20. Zimevuka kwa desibeli 12. Rasho ya 4 kwa 1 maana yake kila desibeli 4 zilizovuka inatoka 1, kwahiyo zile 12 zinakuwa 3, sauti inatoka kwenye −17, kompresa imekula desibeli 9. Ukasikia sauti imekuwa ndogo ukapandisha geini 9 kuirudisha. Feni je? Feni ilikuwa −55, haijavuka chochote, kompresa haijaigusa kabisa, lakini ile geini 9 imeipata yote, sasa iko −46. Kila mwimbaji akivuta pumzi feni inapanda. Kompresa haijaharibika Mwalimu, imefanya kilekile ilichoambiwa.

Kwahiyo usimwachie kompresa kazi yote. Kwanza chukua ile treki ya solo, pita beti kwa beti, maneno ya kunong'ona yapandishe kwa mkono, ya kiitikio yashushe kwa mkono, kwa kutumia mstari wa volyumu au kwa kukata klipu na kubadilisha geini ya kila kipande. Inachukua muda, na mi naona ndo kazi yenye maana kuliko zote kwenye miksi ya sauti ya mtu, kwasababu wewe unajua neno lipi kwenye wimbo linabeba ujumbe na plagini haijui. Ukimaliza ndo weka kompresa, rasho 3 kwa 1, threshodi ishushe mpaka uone inakula desibeli 3 au 4 kwenye sehemu za kupaza na sehemu za kunong'ona haizigusi.

Ule ubapa unatokana na ataki kuwa fupi mno. Ukiweka milisekunde 1 kompresa inakamata mwanzo wa kila silabi, zile "p" na "t" na "k" zinapigwa kichwani na matamshi yanalala. Jaribu milisekunde 10 mpaka 20, rilisi kama 80 mpaka 150. Usikilize zaidi kuliko kuangalia mshale wa mita ya kompresa.

Plagini nyingi utakazokutana nazo zimeiga mashine mbili za Marekani za miaka ya 1960. Moja ni LA-2A, inayofanya kazi kwa taa na kitu kinachohisi mwanga, yenyewe inakwenda taratibu na ina vitufe viwili tu vya maana, ndo maana kwa sauti za kuimba za polepole ni rahisi kuipatia. Nyingine ni 1176 ya mwaka 1967, ya Bill Putnam, hiyo ni ya kasi sana, na angalia kitu kimoja ambacho kinawachanganya wengi, kitufe chake cha ataki kimegeuzwa, ukikipeleka kulia ndo inakuwa ya haraka zaidi na sio ya taratibu zaidi, na plagini zilizoiiga nyingi zimebaki hivyohivyo.

Na kwa kurekodi mara nyingine, zima feni wakati wa kuimba tu, iwasheni kati ya beti mkipumzika. Mwimbaji wa solo msogeze. Akitoka sentimita 30 kwenda 15 sauti yake kwenye maiki inaongezeka kama desibeli 6 na feni inabaki palepale ilipokuwa, hizo ni desibeli 6 za bure ambazo hamna plagini itakupa. Kwenye kiitikio mfundishe kurudi nyuma hatua ndogo. Waimbaji wengi wa zamani wa jukwaani walikuwa wanajua kucheza na umbali wa maiki. Ukisikia muungurumo wa chini usioisha hata feni imezimwa, huo ni umeme, umeme wetu ni wa hezi 50 kwahiyo tafuta hezi 50, 100 na 150, ukate nyembamba sana hapo.

Assalam aleikum. Sisi ni kikundi kidogo cha taarab, tuna udi, fidla, kanuni, kinanda cha mkono na mwimbaji. Tunarekodi nyumbani kila mtu kwa zamu yake. Tukiunganisha vyote vinakuwa fujo, hasa kanuni na udi havitengani. Tunatumia kompresa kwenye kila treki kama tulivyoona kwenye video. Tunakosea wapi?
*Bi wa taarab, Mombasa*

Wa aleikum salaam dada. Toeni kompresa kwenye kanuni kwanza. Kanuni uzuri wake ni ule mguso wa mwanzo na jinsi nyuzi zinavyofifia, kompresa inapandisha kule kufifia, kwahiyo nyuzi kumi zinaendelea kulia wakati mpigaji ameshahamia kwingine, hapo ndo fujo yenu ilipo zaidi. Zile video nyingi zinafundisha muziki wa madude ya kielektroniki au roki, huko kubana kila kitu ndo ladha yenyewe. Taarab inapumua, iacheni ipumue.

Udi na kanuni mzitenganishe kwa nafasi kabla ya ikwalaiza: udi kushoto kidogo, kanuni kulia kidogo, fidla nyuma yao, mwimbaji katikati peke yake. Alafu mchague mwenye kifua, yaani wa kubeba sauti za chini, ni nani. Kwa masikio yangu ni udi, kwahiyo udi uachiwe chini yake yote kuanzia kama hezi 80, na kanuni ikatwe kwa hai-pasi ya hezi 150 au hata 200 kama noti anazopiga haziendi chini huko. Kinanda cha mkono kinajaza sana katikati, hezi 300 mpaka 800, kishusheni volyumu kabla hamjakigusa kwa ikwalaiza, mara nyingi hiyo tu inatosha. Fidla ikichoma, kilohezi 3 punguzeni desibeli 2. Na mwimbaji anapoimba nani ananyamaza? Hilo ni swali la mpangilio wa muziki na halina plagini, lakini ndo linaloamua miksi nyingi.

Oya fundi, natengeneza singeli, kompresa kwenye masta (treki ya mwisho inayobeba wimbo wote) inafanya wimbo upungue nguvu badala ya kuongezeka, inakuwa kama imezibwa. Nimeiga setingi za prodyuza mmoja wa hip hop.
*Prodyuza wa Manzese, Dar es Salaam*

Setingi za hip hop hazikufai kwasababu ya spidi. Gawa 60,000 kwa BPM (mapigo kwa dakika) unapata milisekunde za piga moja. Hip hop ya 90 piga moja ni kama milisekunde 667. Singeli ya 200 ni 300, ya 240 ni 250. Sasa mwenzako kaweka rilisi ya 300, kompresa yake ina muda wa kurudi kabla ya kiki (ngoma kubwa ya chini) nyingine. Kwako kiki inayofuata inafika kompresa bado imeshikilia, ikashika tena, haijawahi kuachia tangu wimbo umeanza, hiyo haibani tena, umeweka volyumu ya chini tu kwa njia ya gharama. Ndo huko kuzibwa.

Rilisi shusha mpaka 60 au 80, ataki iwe 20 au 30 ili mpigo wa mwanzo upite salama, rasho 2 kwa 1, na isile zaidi ya desibeli 2. Angalia mshale, lazima urudi kwenye sifuri kabla ya kila kiki. Ukishusha rilisi sana mpaka chini ya 20 besi itaanza kukwaruza, maana wimbi moja tu la hezi 50 lina urefu wa milisekunde 20 na kompresa inaanza kufuata wimbi lenyewe. Besi na kiki pia usiviache vyote vikae hezi 60, kimoja kipe 60 kingine kipe 90 au 100, na kwa singeli weka ikwalaiza kwenye ule mlio wa kiki wa kilohezi 3 mpaka 4 upande kidogo, kwa spidi hiyo sikio linahesabu kiki kwa kile kimlio cha juu kuliko kwa mtetemo wa chini.

Habari kaka. Nipo Muscat, naishi na wenzangu chumba kimoja kwahiyo namiksi usiku kwa hedifoni, sauti chini. Asubuhi nikisikiliza kwenye gari besi ni nyingi mno, kwenye simu besi hamna kabisa. Na nikipandisha YouTube wimbo wangu ni mdogo kuliko za wenzangu, niubane zaidi?
*Msomaji, Muscat*

Nzuri kaka. Habari ya gari na ya simu zina sababu tofauti japo zinaonekana kama kitu kimoja.

Gari: masikio ya binadamu hayasikii besi vizuri sauti ikiwa chini. Fletcher na Munson walilipima hilo na kulichapisha mwaka 1933 na bado ni kweli. Ukimiksi kimyakimya besi inaonekana haipo, unaiongeza, asubuhi unapandisha volyumu ya gari na besi inarudi na deni lote. Dawa, chukua wimbo mmoja unaoujua vizuri wa mtindo wako, uweke ndani ya mradi wako kama treki, ushushe mpaka ulingane sauti na wimbo wako, na uwe unahama kati ya hizo mbili kila baada ya muda. Masikio yako yakiwa na upungufu usiku, yatakuwa na upungufu kwa nyimbo zote mbili, kwahiyo besi yako ilingane na ile ya pale, usiongeze mpaka uridhike. Na ni lazima ulingane sauti, wimbo uliokwisha kumalizwa unakuwa mkubwa na utakudanganya, ni lile jambo nililomwambia mdogo wetu wa Mbagala.

Simu: spika yake ndogo haiwezi kutoa hezi 50, haiwezi tu, hata ukiongeza desibeli 20. Inachoweza ni kutoa zile sauti za juu zinazoambatana na besi, hezi 50 ina wenzake kwenye 100, 150, 200 na kuendelea, na ubongo ukisikia wenzake unaijaza yenyewe. Besi ya sinthi iliyo laini sana haina hao wenzake wa kutosha. Weka plagini ya satureshoni, inayokwaruza sauti kidogo ili wenzake wazaliwe, kwenye besi, alafu sikiliza kwenye simu, utaanza kufuata noti zake bila kuongeza chochote kule chini.

Kuubana zaidi, hapana. YouTube na Spotify zinashusha nyimbo zilizobanwa sana zilingane na zingine, kwenye −14 LUFS hivi, LUFS ni kipimo cha ukubwa wa sauti jinsi sikio linavyousikia. Wimbo wako ukiwa −8 utashushwa karibu 6, unabaki na ubano wote na ukubwa umenyang'anywa. Ila YouTube haipandishi wimbo mdogo, kwahiyo kama wako uko −20 kweli utasikika mdogo. Pakua mita ya LUFS, ziko za bure, upime wimbo mzima na sio kiitikio tu. Limita ya mwisho kilele chake kiweke −1, sio sifuri, maana faili likibadilishwa kuwa la mtandaoni vilele vinaweza kupanda kidogo na kukwaruza.

Mkuu, la haraka tu: EQ kwanza au kompresa kwanza?
*Msomaji, Kisumu*

Zote mbili. Ikwalaiza ya kuondoa inakaa mbele ya kompresa, yaani sauti inaipitia kwanza, kwasababu kama hujaondoa muungurumo wa chini kompresa itakuwa inashtuka kwa ule muungurumo na kushusha sauti yote wakati mwimbaji hajafanya kosa lolote. Ikwalaiza ya kuongeza inakaa nyuma ya kompresa, maana ukiongeza mbele yake kompresa inakunyang'anya ulichoongeza. Kama unaongeza mng'ao kilohezi 10 kwenda juu, baada ya hapo angalia "s" na "sh", zikianza kuchoma weka di-esa (kompresa inayoshusha "s" tu) kati ya kilohezi 5 na 8, ila kila sauti ina mahali pake, ya wanawake mara nyingi iko juu zaidi, kwahiyo sikiliza kile inachokula peke yake mpaka usikie "s" tupu ndo urudi kwenye wimbo mzima.